Gitaa Lisiloomba Nauli

Kwetu Wazigua mtoto wa shangazi ni mtani wako, na mtani ana ruhusa ambazo hata mke hana. Binamu yangu wa Mkata alipokuwa akija kwangu Manundu, hapa Korogwe, hakupiga hodi. Alisukuma mlango, akasimama katikati ya sebule na kumpa mke wangu pole. "Pole sana shemeji. Bado tu unalilisha hili zigo?" Kisha akanigeukia mimi. "We mtumwa, hilo tumbo unamtunzia nani?" Nami nikamjibu kwamba limejaa muhogo niliouiba shambani kwa baba yake, ndiyo maana yeye alikua mwembamba kama ufito. Samaki akiwa kwenye sahani yangu, alimchukua. Viatu vikiwa mlangoni na vinamtosha, aliondoka navyo, na nikivitaka ilibidi nivikomboe kwa soda. Mke wangu ni Msambaa, na kwao utani upo, lakini mwaka wa kwanza wa ndoa yetu alikuwa akijifungia chumbani akiamini siku moja tutashikana mashati. Hatukuwahi. Mtani hanuniwi, ndivyo tulivyolelewa, na mimi niliishika kanuni hiyo kwa mikono miwili bila kuuliza upande wake wa pili.

Nayaandika haya kwa sababu nimempoteza, na hajafa. Yuko Mkata, analima mahindi na muhogo wake, na nikimpigia simu anapokea. Nilimpoteza mwaka ule nilipoweka toleo jipya la gitaa la kompyuta, na kosa si la kompyuta.

Mimi si mwanamuziki wa kutajwa. Kazi yangu ya mchana ni duka la kurudufu karatasi na kupiga picha za pasipoti. Ila chumba cha nyuma cha nyumba yangu nimekipigilia mablanketi na trei za mayai ukutani, nikaweka meza, kompyuta, kibodi ndogo ya kupigia noti, na kipaza sauti kimoja ninachokifunika kwa khanga kisiingie vumbi. Humo natengeneza nyimbo za harusi, nyimbo za vikundi vya akina mama vya kuweka na kukopa, na tangazo moja la dawa ya kuogeshea ng'ombe ambalo mfugaji mmoja wa Kimasai wa upande wa Handeni aliniagiza, na nasikia bado linapigwa mnadani. Ngoma, besi na vinanda vyote vinatoka kwenye kompyuta. Chumba chenyewe ukiingiza watu wanne, wa tano anasimama mlangoni.

Gitaa ndilo lililonishinda. Programu ya gitaa niliyokuwa nayo ilikuwa toleo la zamani, na kila noti ndani yake ilirekodiwa mara moja tu. Ukiibonyeza mara tatu, wanatoka pacha watatu. Na watu wetu masikio yao si mabovu. Wamekulia kwenye muziki wa dansi wa redioni, wanajua gitaa linavyotakiwa kuongea. Mteja mmoja aliusikiliza wimbo wa harusi ya mwanawe hadi mwisho, akaniuliza kwa upole mbona panalia kengele ya baiskeli. Nilikasirika siku mbili, halafu nikamwita binamu.

Yeye gitaa alijifundisha mwenyewe, na alilipiga kwa dole gumba na kidole cha shahada tu, vingine vimekunjwa kama vya mtu anayeshika kijiko. Alilibeba kwenye kiroba cha mbolea kilichofungwa kamba. Nyuzi zote sita zikiwepo, hiyo ilikuwa sikukuu. Lakini alikuwa na namna yake ya kuichelewesha noti ya tatu, kidogo tu, kama mtu anayesita mlangoni kabla hajaingia, na wimbo wote ulianza kutembea. Nilijaribu mara nyingi kuifanya namna ile kwenye kibodi. Ilitoka kama mtu anayechechemea.

Basi ikawa desturi. Jumamosi anapanda gari Mkata, anashuka Segera, anaunganisha hadi Korogwe, anafika saa nne hivi. Tunatukanana, tunakunywa chai, tunaingia kazini. Nilimpa nauli na alichostahili kila wimbo ukilipwa. Sitasema zilikuwa siku za raha tupu, maana mimi ni mtu wa haraka na yeye hakuwa. Vidole vilivyoshika jembe wiki nzima havifunguki upesi. Kipande cha dakika moja alikipiga mara tano, mara saba, na kila akikosea alicheka, akajitukana, akaanza upya. Mimi nilikaa na mkono juu ya kipanya nikipumua kwa nguvu. Alinisikia napumua. Nilijua ananisikia.

Toleo jipya lilipotoka, waliotengeneza programu walinitumia ujumbe kwamba sisi wenye toleo la zamani tutapunguziwa bei. Niliusoma ujumbe ule mara nyingi kuliko nilivyowahi kusoma barua yoyote ya serikali. Walisema kila noti sasa imerekodiwa mara nyingi, kwa nguvu tofauti, na kila ukiibonyeza inatoka tofauti. Walisema utasikia hata mkwaruzo wa kidole kikihama kwenye uzi. Na jambo moja zaidi: ukiipa kipande cha gitaa halisi, inajifunza mwendo wa mkono wa aliyepiga, kisha unaweza kuiambia ipige chochote kwa mwendo huohuo.

Nikanunua. Bando la intaneti lilinifilisi, simu ilikaa dirishani siku nne ikivuta mafaili huku nikiwakataza wanangu wasiiguse. Kwanza ilikuja programu yenyewe, ndogo. Nikailisha vipande vya binamu, vile alivyopiga peke yake kabla sijavichanganya na ngoma. Ikavipokea, ikavitafuna, ikaniletea michoro ya noti kwenye kioo. Kisha likaja ghala la sauti, kubwa kupita kiasi, na kompyuta ikaniambia nafasi haitoshi. Nikatazama kitu gani kinanijazia diski. Vilikuwa vilevile vipande vya binamu, Jumamosi zote, mara tano, mara saba, pamoja na vicheko na matusi yake katikati.

Nilivifuta. Sikuwaza hata dakika moja. Nyimbo zenyewe zilikwisha kutoka, programu ilikwisha kujifunza, na mpigaji yuko Mkata, saa mbili kwa gari. Nakumbuka nilijiona mtu mwenye akili.

Mwaka huohuo mdogo wake binamu, wa kike, aliposwa na kijana wa Handeni mjini, na mimi nikapewa kazi ya wimbo wa kumwingizia bibi harusi. Sikuhitaji kuambiwa nani atapiga gitaa. Lakini mvua zilichelewa, mahindi yakachelewa kukauka, na Jumamosi ya kwanza akanipigia simu kwamba ana mahindi yameanikwa nje na mawingu yanamtisha. Jumamosi ya pili vivyo hivyo. Akasema, "We mtumwa, niachie nafasi yangu. Wimbo wa mdogo wangu usiufunge bila mimi. Ukiufunga, siku ukifa siji kukuzika, uoze hapohapo Manundu unukishe mtaa." Nikacheka, nikamwambia akianike na kichwa chake huenda kikakauka ubichi. Nilisikia lile la kuoza, maana lilichekesha. Lile la "niachie nafasi yangu" lilinipita.

Siku zilikuwa zinakwisha, au ndivyo nilivyojiambia. Ukweli ni kwamba nilikuwa na kitu kipya na nilitaka kukitumia. Kati ya Jumatatu na Jumatano, baada ya kufunga duka, nilimaliza wimbo. Gitaa likaingia baada ya ngoma, likasita kwenye noti ya tatu, likatembea. Nilisimama nikaanza kucheza peke yangu mle chumbani. Mke wangu alichungulia akaniuliza, "Shemeji amekuja lini?" Nikafurahi kupita maelezo.

Jumamosi ya tatu akaja. Alikuwa na kiroba begani, na mfuko wa shati ulikuwa na nyuzi mbili mpya alizomwagiza dereva wa lori amnunulie Tanga. Alimpa mke wangu pole kama kawaida, akaniuliza kama ile milango ya pua yangu imeongezwa upana au ni macho yake. Nikamwambia aketi asikilize kitu. Nikabonyeza.

Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Gitaa lilipoingia aliinua macho, kisha akatazama mikono yake mwenyewe, iliyokuwa magotini.

"Hii nilipiga lini?"

"Hukupiga."

"Sasa nani huyu?"

"Ni wewe," nikasema. "Bila wewe."

Wimbo ukaisha. Akacheka. "Yaani mtumwa umenizika mzima, na hata sanda hujaninunulia."

Anayejua utani anajua kwamba hapo zamu ilikuwa yangu. Neno la mtani haliachwi chini. Ukikosa jibu umeshindwa, na watu wataliongea hadi kwenye misiba. Nikajibu papo hapo, na nakumbuka lilivyonijia kwa wepesi, limejipanga lenyewe.

"Sanda ya nini? Hili gitaa halichelewi. Halili. Haliombi nauli. Na halipigi mara saba ndipo lipatie."

Mke wangu alikuwa mlangoni na sinia la chai. Yeye, aliyekwisha kuzoea matusi yetu hadi akawa anachangia, hakucheka. Binamu ndiye aliyecheka. Alicheka sana, akapiga goti lake kwa kiganja, akasema, "Umeniweza leo, umeniweza." Chai akanywa. Chakula cha mchana kilipokuja alikula upande wake wa sinia, hakugusa samaki wangu. Kiroba hakukifungua. Nilipompa nauli akasema anayo. Yote hayo niliyaona kwa macho yangu, na sikuona kitu. Nilikuwa bado najipongeza kwa jibu langu.

Harusi ilikuwa Handeni, nyumbani kwa bwana harusi, chini ya turubai. Sisi upande wa bibi harusi tulikwenda kwa kosta, na binamu alikaa viti vya nyuma na wazee. Spika zilikuwa kubwa, na mimi nilikuwa nyuma ya meza na kompyuta yangu nimevaa miwani ya jua. Bibi harusi alipoingia nikaachia wimbo. Sitakana: ulikuwa mzuri. Akina mama walipiga vigelegele pale gitaa lilipoingia, kabla hata ya sauti ya mwimbaji.

Wote walijua binamu ni mpiga gitaa wa familia. Kwa hiyo wote walimfuata yeye. Mzee mmoja wa upande wa bwana harusi, kanzu na koti, alimshika mkono kwa mikono miwili, akamwambia, "Mwanangu, vidole hivyo Mungu avihifadhi," akamtia hela ya kumtunza kwenye mfuko wa shati. Binamu akaitoa ile hela, akavuka uwanja mbele za watu, akaja hadi mezani kwangu na kuiweka juu ya kompyuta. "Mpigaji ni huyu," akasema kwa sauti. "Mimi nimefuata pilau tu." Watu wakaangua kicheko. Mimi nilicheka kuliko wote, nikamwambia arudi haraka kwenye pilau kabla mbwa wenzake hawajamaliza. Utani mbele ya wakwe ni pambo la harusi, na nilifurahi kwamba tumelipamba vizuri.

Kisha bibi harusi mwenyewe, alipokuwa akipita kusalimia ndugu, alimfikia kaka yake. Nilikuwa hatua tatu tu kutoka pale. Alikuwa analia kidogo, kama wanavyolia siku hiyo. Akasema, "Kaka, asante. Nilipokusikia tu pale mwanzo, miguu ikapata nguvu."

Binamu alinitazama. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayengoja mwenzake azungumze, na nafasi ilikuwapo, ndefu kabisa, ya mimi kusema hapana, si yeye, ni mimi niliyefanya, kosa ni langu. Ningeweza hata kulisema kwa utani. Nikajifanya nashughulika na waya.

"Haya mdogo wangu," akasema. "Nenda salama."

Hapo ndipo ninaporudi kila mara. Lile neno la Manundu naweza kulitafutia visingizio, maana ulimi una mbio. Lakini pale Handeni nilikuwa na muda.

Jumamosi iliyofuata hakuja. Nikajua ni mahindi. Jumamosi nyingine hakuja. Nikampigia, akapokea vizuri, akaniuliza hali za watoto mmoja mmoja, akasema, "Shughuli za shamba, ndugu yangu. Zikipungua nitafika." Nilikata simu nikiwa nimeridhika. Ilinichukua hadi kesho yake, nikiwa napanga karatasi dukani, kugundua kwamba hakunitukana hata mara moja. Nikajiambia labda alikuwa na wageni.

Miezi ikapita hivyo. Kazi hazikupungua, gitaa jipya lilisifiwa, na mimi nilianza kulichoka bila kujua kwa nini. Lilikuwa linasita kwenye noti ya tatu kila wimbo, kwa kipimo kilekile. Yeye alikuwa akisita pale anapotaka. Baadhi ya siku hakusita kabisa, na nilipomuuliza alisema noti yenyewe leo haina aibu. Siku moja nikaamua kumrudisha. Nilitaka angalau wimbo wa mdogo wake niutengeneze upya na mkono wake halisi ndani, hata kama ni kwa kuunga vipande vya zamani, nimpelekee bibi harusi na kumwambia ukweli. Nikafungua diski kutafuta vipande. Nilitafuta kama mtu anayetafuta funguo ambazo anajua amezitupa mwenyewe mtoni. Vilivyobaki ni michoro ya noti tu. Ukiicheza inatoka sauti ya gitaa la mtu wa mbali, aliyelirekodi kwenye chumba kizuri, asiyejua Mkata iko wapi. Kucha ya binamu haikuwemo. Kicheko chake hakikuwemo.

Ndipo nikampigia shangazi, mama yake. Shangazi ni mtu wa kuanza na maumivu ya magoti yake, na tulizungumza magoti kwa muda. Halafu akaniuliza yeye mwenyewe, bila mimi kulileta, "Hivi mwanangu, ulimwambia nini mwenzio?"

"Utani tu, shangazi."

"Utani gani?"

Nikamweleza. Nililirudia lile neno lote, na nilipokuwa nalirudia simuni, mchana kweupe, nikalisikia kwa mara ya kwanza.

"Mwenye miguu yake unamwita kiwete, mnacheka," shangazi akasema. "Kiwete humwiti kiwete. Wewe utani umeusoma wapi?"

Binamu alikuwa anachelewa kweli, kwa sababu gari la Mkata linangoja lijae. Alikuwa anakula kwangu kweli, maana alitoka kwao alfajiri. Nauli alikuwa anaiomba kweli. Na alikuwa anapiga mara saba ndipo apatie, na ndilo lililokuwa linamuuma kuliko yote, maana aliipenda kazi ile na mikono yake ilikuwa inamgomea. Tumbo langu tulilitukana miaka yote kwa sababu sote tulijua silihuzunikii. Lakini vile nilivyomwambia siku ile ndivyo nilivyokuwa nikiviwaza kila Jumamosi, nikipumua juu ya kipanya. Utani ulinipa tu mahali pa kuvitolea. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, wanasema, na mimi usaha ulikuwa wangu tangu mwanzo.

Jumapili moja nilifunga safari. Nilinunua sukari, mchele, na sabuni ya mche, nikapanda gari hadi Segera, nikabadilisha, nikashuka Mkata. Njiani nilikuwa najiandaa. Sikujiandaa kuomba radhi, hilo nililiona litakuja lenyewe. Nilijiandaa kwa matusi. Nilijua nikitokea uani kwake atanipokea nayo yote aliyoyalimbikiza miezi hiyo, na nilikuwa tayari nisijibu hata moja, nishindwe mbele ya mke wake na majirani. Niliona hiyo ndiyo faini yangu, na nilikuwa nimeitamani.

Alikuwa anamenya muhogo mbele ya nyumba, amekaa kwenye kigoda. Aliponiona aliweka kisu chini, akanawa mikono, akaipangusa kwenye suruali na kuja kunipokea mizigo. Akainama kidogo.

"Shikamoo, kaka."

Nimemzidi miaka miwili. Tangu tulipopata akili hajawahi kuniamkia, na mimi sijawahi kumdai. Nikangoja nusu ya pili ya utani, nikiamini ni mtego, sasa hivi atanimaliza. Alikuwa amesimama, anangoja aitikiwe. Mke wake alikuwa anatazama. Shikamoo ya mtu haiachwi hewani.

"Marahaba," nikasema.

Akanitolea kiti cha mgongo, kile cha wageni, yeye akarudi kwenye kigoda. Wakapika bada, ugali wetu wa muhogo, na mchicha, na kwa sababu yangu wakachinja kuku. Vipande vizuri vyote walivisogeza upande wangu. Nilijaribu. Nikachukua firigisi, nikaiweka mbele yake, nikamwambia, "Kula we mtumwa, usije ukasema nimekuja kukufilisi." Akatabasamu. "Asante, kaka," akasema, akaila.

Baada ya kula nikamwomba radhi. Niliyasema yote, ya Manundu na ya Handeni, na ya kufuta vipande vyake nayo nikayasema, ambayo hakuwa anayajua. Nilisema bila mapambo. Alinisikiliza hadi mwisho akiwa ameshika kisu cha muhogo bila kumenya.

"Hakuna baya, kaka," akasema. "Wewe hukukosea. Ulisema kweli."

"Nilikuwa natania."

"Ndiyo, kaka."

Nikamwomba aje apige tena, hata mara ishirini kwa kipande kimoja, nitangoja. Akasema nikimhitaji atakuja, asikose kuambiwa mapema. Akalisema kama mtu anayemjibu mwenyekiti wa kijiji. Sikuona chuki usoni pake, na ningekuwa nimeona chuki ningejua pa kuanzia. Aliyekukasirikia unaweza kumtumia mtu mzima, mkapatanishwa, mkala pamoja. Lakini utamwendea mzee gani ukamshitakia kwamba binamu yako anakuheshimu?

Akanisindikiza hadi barabarani. Mfuko wangu aliubeba yeye. Gari lilipokuja alimwambia konda, "Huyu ni kaka yangu, mtafutie kiti kizuri," akanikabidhi mfuko kwa mkono wa kulia, wa kushoto ameugusisha kwenye kiwiko.

Nilikaa dirishani. Alikuwa amesimama pembeni ya lami, nyuma ya wauza mahindi, mikono ameikusanya mbele. Nilifungua kioo. Gari lilikuwa bado linapakia mizigo, muda ulikuwapo, na nilimtazama machoni nikiomba anitukane. Mbele ya abiria wote, kwa sauti, neno lolote, hata lililo kweli. Akaniinulia mkono kwa adabu, akangoja hadi gari likaondoka.